Punje ya Muthokoi

Kazi yangu pale Jebel Ali ilikuwa kutafuta vitu vidogo. Nikiwaambia watu hivyo walicheka, wakadhani ninafua nguo tu na kujipa cheo, lakini ndivyo mkataba ulivyosema: mkaguzi wa mbegu na wadudu. Nilikuwa na kibano, brashi, kioo cha kukuzia na mashine ndogo ya kunyonya vumbi, na kutwa nzima nilikaa kwenye meza nyeupe nikipekua mifuko ya majaketi ya watu nisiowajua. Utotoni kule Kitui tulikuwa tunarudi kutoka shule sketi zimejaa kishonanguo, mama anatugombeza kwa kumpelekea magugu shambani. Sasa nilikuwa nimevuka bahari kuja kuchomoa kishonanguo kwenye soksi za Wazungu, tena kwa kadi ya kazi yenye picha yangu.

Mizigo yenyewe ilikuwa inaenda visiwani. Mwaka huo, 2008, meli nyekundu ya watafiti ililetwa Dubai kutengenezwa, na ilipokaribia kuwa tayari ikaamuliwa ipakie shehena yake katika ghala letu, ipitie Durban, kisha iteremke kusini kabisa, kule ambako ukiendelea kidogo unakutana na barafu. Wala usifikirie visiwa vya minazi. Siku ya kwanza mkuu wa msafara, mama mrefu wa New Zealand tuliyemwita Madam tu, alitundika shuka jeupe ukutani akatuonyesha picha. Kisiwa hakina mji, hakina bandari, hakina mti hata mmoja. Kina nyasi zilizolazwa upande mmoja na upepo, mawe meusi, ukungu, na kibanda cha mabati kilichofungwa kwa nyaya za chuma kisipeperuke. Watu hushuka pale kwa wiki sita kila baada ya miaka miwili, na wakiondoka hawabaki ila waliozikwa, misalaba saba ya mabaharia wa zamani waliovunjikiwa na meli.

Mlango wa kibanda haufungwi kwa kufuli. Ndiyo sheria ya kule, Madam alisema. Ndani wanaacha vyakula vya makopo, blanketi na viberiti, kwa sababu mtu akitupwa na bahari pale hana jirani wa kumpigia hodi.

Kisha akatuonyesha picha ambayo mpaka leo sitaki kuikumbuka. Ilikuwa ya kisiwa cha jirani, ambako zamani panya waliteremka na meli moja wakazaana. Kinda la ndege, kubwa kuliko kuku, limekaa kwenye kiota chake huku panya wanne wanalila mgongoni. Lilikuwa hai. Lilikuwa linatazama kamera.

"Mbona halikimbii?" nikauliza.

"Halijui kukimbia," Madam akajibu. "Katika kisiwa chake hakujawahi kuwa na kitu cha kukimbiwa. Kule, ugonjwa ni sisi."

Ndiyo maana sheria zilikuwa kali. Ikionekana mbegu moja ndani ya kontena lililokwisha kupakiwa, kila kitu kinashushwa, kazi inaanza upya, na mkaguzi aliyehusika anafungasha. Halikuwa tishio la mdomo. Ivy, msichana wa Kampala tuliyeanza naye, aliacha mbegu ya nyasi kwenye mshono wa hema. Ikaonekana Jumapili, na Alhamisi Ivy akawa kwenye ndege. Tangu hapo nilikuwa nimebaki peke yangu kwenye meza nyeupe, na nilikuwa mwoga ingawa sikumwonyesha mtu. Mama alikuwa ananitegemea mimi, na huku Dubai kulikuwa na mtu mwingine aliyenitegemea zaidi ya mama.

Kontena likishakaguliwa lilikuwa linakabidhiwa kwa Mzee Mohdhar. Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai mdogo, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuua panya na wadudu kwa gesi. Aliweka vidonge vyake kwenye sinia, akafunga mlango, akaziba kila mwanya kwa utepe, na vidonge vikawa vinatoa sumu polepole kwa siku mbili. Alikuwa na desturi moja tuliyokuwa tunamcheka. Kabla ya kuweka dawa, alilipiga bati mara tatu kwa kiganja, akaita ndani kwa Kiarabu, kwa Kiurdu na kwa Kiswahili: toka, sumu inaingia.

"Mzee, unamwita nani?" nilimtania siku moja. "Panya wa Jebel Ali wanajua Kiswahili?"

"Cheka, mwanangu, cheka," akasema. "Mie zamani nimefungua chumba cha meli ya mchele nikakuta viatu viwili vimepangwa vizuri, na mwenyewe kalala kando. Tangu siku ile naita."

Sasa nieleze habari za huyo mtu mwingine. Ndugu yangu Onesmus, kitinda mimba wa mama, alikuja Dubai mwaka mmoja baada yangu kujenga maghorofa. Aliishi Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi, wanane chumba kimoja, mpaka siku rafiki yake Austine alipoanguka kutoka ghorofa ya kumi na tisa mbele ya macho yake. Kesho yake Onesmus alikataa kupanda. Nyapara akamzaba kofi, na yeye akavua kofia ya kazi akaondoka kwa miguu. Pasipoti ilibaki kwa kafeel, yule mwajiri aliyemdhamini. Kampuni ikamshtaki polisi, si kwa kutoroka tu, bali eti aliiba mashine ya kuchomelea. Onesmus, ambaye tangu mdogo akiokota kalamu anaizungusha darasa zima akimtafuta mwenyewe!

Msamaha wa serikali kwa wasio na vibali, wa mwaka uliotangulia, ulipita, hakwenda, kwa sababu ya hiyo kesi ya wizi. Akawa anajificha Discovery Gardens, jengo la pili kutoka letu, kwenye kitanda cha kupanga nyuma ya pazia. Mwenzake wa chumba, Gibson, alikuwa mlinzi na alimvumilia. Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilimpelekea chakula. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ameanza kuzungumza kwa kunong'ona hata mchana.

Nilitaka kumchangamsha. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza, na naisema wazi. Sikuwa na habari nyingine za kumpelekea ila za kazini, basi nikamsimulia kisiwa. Nilimwambia kuhusu kibanda, misalaba saba, ndege wanaomkaribia mtu kumtazama viatu. Nilitia chumvi, nikamwigiza Madam na miguu yake mirefu, naye akacheka kama zamani. Kila Ijumaa akawa ananiuliza kisiwa kinaendeleaje, utadhani ni jamaa yetu aliye hospitalini.

"Sasa siste, kule hakuna polisi hata mmoja?"

"Polisi amkamate nani? Ndege?"

"Na mlango kweli haufungwi?"

"Haufungwi. Ukifika unaingia tu, unakuta kopo la maharagwe linakungoja."

Akalalia mkono. "Mahali pa kungojwa na maharagwe," akasema. "Hiyo ni poa sana."

Nikaendelea kuropoka. Nilimwambia wapakiaji wanaletwa kwa basi kutoka Muhaisnah, ovaroli zao ni za buluu kama yake ya zamani, na orodha ya majina anashika nyapara, mlinzi wa lango anachungulia tu vichwa. Nilimwambia Durban wanafungua kontena na kukagua tena kabla ya kuendelea. Kuhusu gesi sikumwambia neno. Sikumficha. Ilikuwa kazi ya Mzee Mohdhar, inafanyika nikiwa nimeshavua glavu nangoja basi, na sikuona la kusimulia hapo.

Ijumaa ya mwisho ya Oktoba nilipika muthokoi. Mama alikuwa amempa mtu aliyekuwa anasafiri mfuko wa kilo mbili, mahindi ameyakoboa mwenyewe kwenye kinu, na nilipofungua ule mfuko nilikaa chini jikoni nikanusa kwanza. Niliyachemsha na maharagwe tangu asubuhi. Sehemu yangu nikaiacha na chumvi tu, maana nina vidonda vya tumbo. Ya Onesmus niliikaanga kwa kitunguu na pilipili mbuzi nyingi, kwa sababu yeye bila pilipili anasema anakula hospitali.

Alikula kidogo, akafunika kopo. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Makontena yanafungwa lini?"

"Kesho saa tisa. Kwa nini?"

"Durban nikifika, nyumbani ni basi tu. Hata kama ni siku nne, ni basi."

Nilipoelewa, nilipandwa na hasira. Nikamkemea. Nikamwambia ana wazimu, anataka kunifukuzisha kazi, mimi si Ivy wa kurudishwa kwetu kwa aibu, na mama tutamlisha nini, hewa? Nikamwambia akikanyaga pale nitamwita mlinzi mimi mwenyewe.

"Tulia, siste," akasema, akacheka kidogo. "Nilikuwa nakutania."

Nilitaka kumwamini, basi nikamwamini. Niliondoka bila kumuaga vizuri.

Kesho yake kulikuwa na unyevu mzito, ile siku ambayo ukitoka nje miwani inafanya ukungu. Basi la Muhaisnah lilifika saa mbili, vijana wakateremka na buluu yao, nami sikuwatazama. Nilikuwa nimeinamia viatu kumi na nane vya msafara, nachokonoa nyayo. Madam alikuwa anahimiza, meli inaondoka Jumatatu, yalla, yalla, amejifunza neno hilo na kulipenda. Chakula cha mchana kikafutwa. Kopo langu la muthokoi lilibaki kwenye mkoba, limefungwa kwa mfuko wa plastiki kama nilivyolifunga alfajiri.

Saa nane kontena la kibanda lilikuwa limejaa: mbao, mabati mapya, makopo, mtungi wa kukusanyia maji ya mvua, na mwisho kabisa, kwa ndani, magodoro sita yamesimamishwa wima. Wapakiaji wakarudi kwenye basi lao, nyapara akawahesabu kwa orodha yake, hesabu ikatimia, wakaenda zao. Ikabaki zamu yangu. Ukaguzi wa mwisho mtu anaingia peke yake, maana kila mwili unaleta uchafu wake, na anaingia bila viatu, kwa soksi mpya zilizotoka kwenye pakiti. Nikawasha kurunzi nikaanza kutembea kati ya mbao. Ndani mlikuwa kimya na moto. Jasho lilinitiririka mgongoni.

Nina tabia ya kuzungumza peke yangu nikiwa na wasiwasi. "Haya Monicah, kona hii safi," nikawa nasema. "Kona hii safi. Twende, mama, twende tukale."

Nilipofika mbele ya magodoro mwanga ukagonga kitu cheupe sakafuni.

Nikapiga magoti. Ilikuwa punje ya muthokoi, imeiva, imevimba, bado inang'aa kwa mafuta. Sikujiuliza imetoka wapi, na hapo ndipo ninapojilaani kila siku, kwa sababu jibu lilinijia kabla ya swali. Nani mwingine katika Jebel Ali yote anakula muthokoi? Ni mimi. Imeniangukia mimi, kutoka kwenye nguo zangu, mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeleta mbegu. Nikamwona Ivy na sanduku lake. Nikamwona Madam akishusha kila godoro na kila bati, halafu akiniuliza kwa upole, maana alikuwa mpole, hii ni nini.

Ovaroli zetu hazikuwa na mifuko, ndiyo sheria. Nikaokota ile punje kwa vidole viwili nikaitia mdomoni. Nikaimeza.

Nilipaswa kusogeza magodoro nimulike nyuma yake. Nilikuwa nimefanya hivyo katika kila kontena tangu nianze. Siku hiyo sikusogeza. Niliogopa nikikaa humo dakika moja zaidi nitaona punje nyingine, na ya pili nisingeweza kusema sikuiona. Nikageuka nikatoka haraka haraka kwa soksi zangu, nikatia sahihi kwenye karatasi: hakuna kilichopatikana.

Mzee Mohdhar alikuwa nje na sinia lake la vidonge, barakoa ya gesi imening'inia shingoni. Akainua kiganja alipige bati.

"Mzee, acha bwana," nikamwambia. "Nimetazama kila kona. Khalas."

Nilitaka tu mlango ufungwe. Nilitaka ile punje iwe haijawahi kuwepo. Akanitazama, kiganja bado kiko juu.

"Kila kona?"

"Kila kona. Humuamini binti yako?"

Akashusha mkono. "Kwa vile ni weye," akasema. "Weye una jicho."

Akaweka sinia, akafunga mlango, akaanza kuziba kwa utepe. Nami nikaenda kuvaa viatu.

Basi letu lilikuwa la saa kumi na nusu. Nilikaa kwenye benchi la langoni, njaa imeniuma, nikafungua kopo langu. Tangu nitoke kontenani ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilidhani ni jasho, au ni woga. Nikala kijiko cha kwanza cha muthokoi wangu, cha pili, na kwenye cha tatu nikasimamisha taya. Chakula changu kilikuwa cha chumvi tu. Ulimi bado uliwasha.

Nikatazama ule mfuko wa plastiki magotini. Nilikuwa nimeufungua sasa hivi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Na ovaroli niliyovaa kule ndani nilipewa asubuhi ikiwa bado kwenye pakiti.

Sikupiga kelele. Nilitoa simu nikampigia Onesmus, ikajibu yule mwanamke wa kwenye mitambo kwamba nambari haipatikani. Nikampigia Gibson.

"Huyo?" Gibson akasema kwa usingizi, alikuwa amelala baada ya zamu. "Alitoka kabla jua halijachomoza. Amevaa ile ovaroli yake ya site, na kopo lako kwa mkono. Nikajua amepata kibarua."

Mwendo wa kutoka langoni mpaka uwanja wa makontena ni dakika saba. Sijui nilikimbia kwa ngapi. Mzee Mohdhar alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kivulini, umbali wa usalama, anapaka gundi karatasi ya onyo aibandike.

Na hapo, Mungu anisamehe, bado nilitaka kuokoa vyote viwili.

"Mzee, nimesahau kibano changu ndani. Nifungulie mara moja."

"Kibano?" Akacheka. "Kibano kitakwenda Durban, kitarudi na salamu. Hapo hapafunguliki mpaka kesho kutwa, weye si mgeni."

"Mzee, ni kibano cha Madam."

"Hata kiwe cha Sultani."

Nikasimama nikimtazama, naye akaendelea kupaka gundi karatasi yake. Nilikuwa nahesabu kichwani: polisi, kesi ya wizi, kadi yangu ya kazi, mama. Upepo ukageuka kidogo ukaniletea harufu nyepesi ya kitunguu saumu kutoka upande wa kontena. Nilijua hiyo harufu ni ya nini.

"Kuna mtu ndani," nikasema. "Ni ndugu yangu."

Karatasi ilimdondoka. Nilimwona mzee wa miaka sitini na kitu akikimbia huku anavaa barakoa, akichana utepe kwa kucha, akipiga kelele kwa Kiarabu watu wote waondoke. Alinionyesha kwa mkono nisimame mbali, mlinzi mmoja akanishika kiunoni. Milango ikafunguka. Mzee akaingia, nikasikia magodoro yanaanguka, kisha kimya, kisha kikohozi.

Onesmus alitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Alikuwa ameloa jasho, kopo lipo kwapani, anapepesa macho kwa jua. Nilimrukia, nikampiga kifuani kwa ngumi, nikamkumbatia, nikampiga tena. Akakaa kwenye sakafu ya saruji akaomba maji. Alitapika kidogo, akafuta mdomo, akatabasamu kwa aibu, kama mtoto aliyefumaniwa jikoni. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na walinzi nao wakacheka, yupo hai, alhamdulillahi, yupo hai.

Mzee Mohdhar hakucheka. Alivua barakoa, akakaa mbali kidogo akitazama vidole vya Onesmus. Kisha akanivuta pembeni.

"Kakaa humo saa ngapi tangu nizibe?"

"Moja. Moja na nusu."

"Na leo kuna unyevu," akasema. "Siku ya unyevu vidonge vinawahi." Akageuza barakoa mikononi. "Mwanangu, sumu hii haina pupa. Mtu hutoka akaongea, akanywa maji, akaomba chakula. Leo si kitu. Muombee kesho na kesho kutwa."

"Lakini anatembea, mzee."

"Naona kuwa anatembea," akasema, na ndipo nilipoona kwamba analia.

Ambulensi ikaja, na polisi nyuma yake. Nilimweleza Madam kila kitu nimesimama palepale, hata punje. Akaniwekea mkono begani, akaniomba kadi yangu ya kazi.

Jumapili mchana waliniruhusu kumwona. Askari alikuwa kwenye kiti mlangoni, kijana mdogo, akaninyanyukia nikae mimi. Onesmus alikuwa na mpira wa oksijeni puani, midomo imegeuka rangi. Alivuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyepanda ngazi. Daktari alikuwa ameniambia tayari: mapafu yanajaa maji, na moyo umechoka, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo.

Nilimshika mkono. "Kwa nini hukugonga?" nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu jana. "Ulisikia mlango, ulisikia harufu. Kwa nini hukugonga hata mara moja?"

Akanishangaa.

"Ningegongaje," akasema, "na wewe ulikuwa umenificha?"

Sikuelewa.

"Nilikuona, siste. Kupitia mwanya wa magodoro. Nilikuona ukiiokota ile punje." Akapumzika kidogo, akaendelea. "Nilijua umeshanipata. Nikasema sasa ataita mlinzi, vile uliapa. Halafu nikakuona ukiitia mdomoni, ukaimeza, ukageuka ukaenda. Hata yule mzee alitaka kuhakikisha, nikakusikia ukimkataza." Alitabasamu. "Nikajua umekubali. Nikajua chochote kitakachokuja, Monicah anakijua. Ile harufu nikadhani ni ya jiko la jirani. Nikakaa tu."

Aliniminya vidole.

"Asante," akasema. "Najua ile kazi ilikuwa nini kwako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, ni maneno machache: sikujua kwamba upo, niliimeza kwa ajili yangu. Yule askari alikuwa anatazama sakafu. Onesmus alikuwa ananitazama mimi, ametulia, hana wasiwasi hata chembe, na nilimkumbuka yule ndege kiotani.

"Usijali," nikamwambia. "Wewe ni ndugu yangu."

Akafumba macho. Meli nyekundu iliondoka Jumatatu asubuhi kama ilivyopangwa, kontena limekaguliwa upya na Madam mwenyewe. Onesmus alikufa siku hiyo hiyo adhana ya adhuhuri ikisomwa, akiamini kwamba ile punje niliimeza kwa ajili yake.